Muuza vitabu wa Venice, 1499: mpeni daftari kabla ya chumba cha siri

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu wawili hapa Dar es Salaam tunatengeneza gemu ya upelelezi inayotokea Venice mwaka 1499. Yumo mzee muuza vitabu ambaye mchezaji humwendea kila akikwama, naye humpa fununu. Tumemchorea duka lenye rafu mpaka darini, vitabu vya ngozi vyenye majina ya dhahabu mgongoni, na nyuma kuna chumba cha siri cha vitabu vilivyopigwa marufuku na Papa. Mwenzetu mmoja anasema duka la namna hiyo ni la sinema tu. Tubadilishe nini? Na mzee kama huyo angezijuaje siri za mji?

JIBU: Marahaba, na hongereni kwa kazi. Mwenzenu ana haki, ila asitambe sana. Duka la kweli la Venice ya mwaka huo lina mambo ya gemu kuliko hilo mlilolichora, na mkilijenga vizuri halitawagharimu zaidi.

Tuanze na rafu, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Aliyeingia dukani kwa muuza vitabu mwaka 1499 hakukutana na safu za migongo ya vitabu. Alikutana na marundo ya karatasi. Kitabu kilitoka kwa mchapaji kikiwa karatasi tupu zilizochapwa, hazijashonwa wala kujalidiwa, zimepangwa kwa mfuatano na kufungwa kwa kamba. Za kwenda mbali zilitiwa kwenye mapipa, kwa kuwa pipa lililozibwa vizuri haliingizi maji na linabingirishwa gatini bila kuhangaisha watu wengi. Mteja alinunua hizo karatasi, kisha akazipeleka mwenyewe kwa fundi wa kujalidi, au akamwachia muuzaji ashughulike naye kwa malipo ya ziada. Mwenye nacho alitaka ngozi iliyotiwa nakshi. Mwanafunzi wa Padua, mji wa chuo kikuu ulio jirani, aliridhika na kipande cha ngozi laini kisicho na ubao ndani. Nakala zilizojalidiwa zilikuwapo, lakini chache, na zililazwa chali. Jina la kitabu, kama liliandikwa, liliandikwa kwa wino kwenye ukingo wa kurasa. Dhahabu mgongoni ni mambo ya baadaye.

Kwa hiyo ondoeni rafu za mpaka darini. Wekeni mbao chache zenye marundo, pipa moja lililofunguliwa nusu, meza ya kuhesabia karatasi, na mkasi. Mtaokoa pia kazi ya mchoraji wenu, ambaye bila shaka alikuwa ameanza kuchora migongo mia tatu.

Sasa angalieni marundo hayo yanawapa nini. Kitabu kisichojalidiwa kinaweza kupungukiwa fungu la kurasa na mnunuzi asijue mpaka afike nyumbani. Wachapaji walilijua tatizo hili, wakabuni dawa mbili. Kwanza, kila fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja lilipewa herufi chini ya ukurasa: a, b, c na kuendelea, na majani ya mwanzo ya kila fungu yakapewa namba, a1, a2, a3, a4. Pili, mwisho wa kitabu waliweka orodha ya mafungu yote, mara nyingi pamoja na neno la kwanza la kila fungu au kila karatasi, ili fundi wa kujalidi ahakikishe hakuna kilichopotea na hakuna kilichopinduka. Fumbo lenu la kwanza limeshatengenezwa hapo, na wametengeneza watu wa wakati ule. Mpeni mchezaji rundo lililovurugwa na ukurasa wa orodha. Alipange. Akifika mwisho agundue fungu moja halimo, na lile fungu ndilo mtu alilolifuata usiku.

Kuna ujanja mwingine humo humo. Herufi walizotumia kuhesabia mafungu zilikuwa 23, si 26. Hakukuwa na J wala W, na U na V zilihesabiwa kama herufi moja. Mhalifu wenu akighushi fungu la kurasa na kulipa herufi J, mzee atamcheka kabla hajalisoma hata neno moja. Mtu wa kawaida haioni. Muuza vitabu anaiona mara moja, kwa sababu mkono wake umezoea kuruka kutoka i kwenda k.

Tena msisahau karatasi yenyewe. Ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, kwenye fremu ya waya, na kiwanda kiliacha alama yake kwenye waya hizo: ukiinua karatasi mbele ya mshumaa unaiona alama ndani, pengine nanga, pengine mizani, pengine kichwa cha ng'ombe. Karatasi mbili zenye alama tofauti ndani ya fungu moja hazithibitishi wizi, maana wachapaji walichanganya karatasi walivyopata, lakini zinampa mpelelezi sababu ya kuuliza. Na katika vitabu vingi mchapaji aliacha nafasi tupu mwanzoni mwa sura ili mchoraji aje kuijaza herufi kubwa ya rangi, huku ndani ya nafasi hiyo akichapa herufi ndogo ya kumwelekeza. Mteja asiye na pesa hakumwita mchoraji. Nafasi zikabaki wazi na kiherufi chake katikati. Mkitaka kuficha ujumbe kwenye kitabu cha maskini, ficheni hapo.

Duka liwe wapi? Hili rahisi. Wauza vitabu wengi walikuwa kwenye Merceria, mtaa mwembamba wa maduka unaotoka uwanja wa San Marco kwenda Rialto. Mwaka mliouchagua una bahati yake: mnara wa saa ulio kwenye mdomo wa mtaa huo, upande wa uwanjani, ulizinduliwa tarehe 1 Februari 1499. Mchezaji anapita chini ya saa mpya kabisa, yenye sanamu mbili za shaba juu zinazogonga kengele, anaingia Merceria, anatafuta duka kwa alama iliyotundikwa mlangoni. Hakuna namba za nyumba. Ukiambiwa nenda kwenye mnara, au kwenye nanga, au kwa malaika, unatazama juu. Mkifika Rialto mtakuta pia Fondaco dei Tedeschi, jengo la wafanyabiashara Wajerumani, na hilo lina maana kwenu kwa sababu uchapaji uliletwa mjini humo na Wajerumani. Johannes wa Speyer alichapa kitabu cha kwanza Venice mwaka 1469, barua za Cicero, nakala 100 tu. Serikali ikampa haki ya kuchapa peke yake kwa miaka 5. Mwaka uliofuata akafariki, haki ikafa naye, na milango ikawa wazi kwa kila mwenye mtaji. Kufika mwaka wa gemu yenu hakuna mji wa Ulaya uliochapa vitabu vingi kuliko Venice.

Hapo ndipo ninapofikia swali lenu la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Mzee angezijuaje siri?

Waandishi wa hadithi hupenda kumfanya muuza vitabu kuwa mwenye hekima. Amesoma kila kitu, anajua lugha saba, anazungumza kwa mafumbo. Mimi ningemwacha huyo. Muuza vitabu wa Merceria alikuwa mfanyabiashara, na anachokijua kuhusu mji hakimo vitabuni, kimo kwenye daftari lake. Nani kanunua nini, kwa bei gani, nani kakopa, nani kaleta kitu badala ya pesa, nani alirudisha.

Na daftari la namna hiyo lipo, halihitaji kubuniwa. Muuza vitabu wa Venice aitwaye Francesco de Madiis aliandika mauzo yake siku baada ya siku kuanzia Mei 1484 hadi Januari 1488, na daftari lake limehifadhiwa mpaka leo kwenye maktaba ya Marciana palepale Venice. Ndani yake kuna mauzo ya nakala takriban 25,000. Tafakarini idadi hiyo. Duka moja, chini ya miaka minne, na uchapaji ulikuwa haujafikisha hata miaka ishirini mjini humo. Ukifungua ukurasa unakuta mistari mifupi: jina la kitabu limefupishwa mpaka unalazimika kulifumbua, kisha bei. Vitabu vya kusomea watoto Kilatini na vya sala vinakwenda kwa soldi chache, sarafu ndogo za mji. Majuzuu ya sheria, makubwa na mazito, yanahesabiwa kwa dukati, sarafu ya dhahabu. Kitu kilichonifurahisha tangu nilipoanza kufundisha habari hizi ni malipo yasiyo ya pesa: yanatajwa mafuta, inatajwa tangawizi. Mtu kalipa kitabu kwa tangawizi! Nayo haikuota Italia. Ilitoka upande wa Bahari ya Hindi, ikapita Bahari ya Shamu na Misri, ikanunuliwa na Waveneti Alexandria. Mpeni mzee wenu mtungi mmoja wa tangawizi mezani, na mtu akiuliza umetoka wapi, mzee ajibu kwa jina la kitabu.

Kwenye gemu, basi, daftari ndilo liwe chumba chenu cha siri. Fanyeni hesabu ya kibinadamu: anayelipa taslimu hana haja ya kuacha jina, anayekopa lazima aandikwe. Kwa hiyo mzee anawajua wakopaji kuliko wanunuzi, na mji wa 1499 ulikuwa mji wa wakopaji. Mwaka huo ulikuwa mbaya kweli. Mapema benki ya Garzoni ilifunga milango, na Mei ikafuata ya Lippomano. Watu waliokuwa matajiri wa maandishi waliamka hawana kitu. Juu ya hayo vita na Waturuki vikaanza, na Agosti meli za Venice zikashindwa huko Zonchio, pwani ya Ugiriki. Wekeni mzee katikati ya hayo. Mheshimiwa aliyezoea kutuma mtumishi kuchukua vitabu kwa mkopo sasa anatuma mtumishi yuleyule kuvirudisha, usiku, kwa nusu ya bei. Daktari wa Padua anaomba aongezewe miezi mitatu. Mchapaji mdogo ambaye mzee alimpa karatasi kwa deni amehama bila kuaga. Mchezaji akitaka fununu asiulize "unajua nini kuhusu fulani?" Aulize fulani ananunua nini siku hizi. Mtu anayeacha ghafla kununua mashairi akaanza kununua vitabu vya sheria ya mirathi ameshakusimulia habari zake zote.

Bei zenu ziwe na mpango mmoja: lira 1 ni soldi 20, na dukati 1 ya dhahabu ni lira 6 na soldi 4, yaani soldi 124. Wachezaji watalalamika kwamba hesabu ni ngumu. Waacheni walalamike, ndivyo wateja walivyolalamika. Kama kipimo cha kitu cha bei ghali kabisa, Oktoba 1498 mchapaji Aldus Manutius alitoa orodha ya vitabu vyake vya Kigiriki pamoja na bei, na kazi za Aristotle, majuzuu 5, ziliuzwa dukati 11. Mnaweza kuibandika orodha hiyo ukutani dukani, ni jani moja tu la karatasi, nalo litawaonyesha wachezaji makini kwamba mmefanya kazi.

Chumba cha vitabu vilivyopigwa marufuku sikifuti kabisa, ila kipunguzeni. Orodha kubwa ya Papa ya vitabu vilivyokatazwa ilitoka Roma mwaka 1559, miaka 60 baada ya hadithi yenu. Mwaka 1499 hakukuwa na orodha ya kutisha dukani, hakukuwa na askari wa kanisa wanaokagua mapipa. Luther, ambaye baadaye angeligawa kanisa, alikuwa kijana wa miaka 15. Hata hivyo vilikuwapo vitabu vichache vyenye kesi, na uchache huo ndio utamu wake. Giovanni Pico della Mirandola alichapisha Roma, Desemba 1486, hoja 900 alizotaka kuzitetea mbele ya wanazuoni wa dunia nzima, akiwa na miaka 23. Papa Innocent wa Nane alizichunguzisha, na mwaka 1487 akazikataza zote. Kisha mwaka 1491 mjumbe wa Papa katika eneo la Venice, Niccolò Franco, akatoa amri iliyozitaja hizo hoja za Pico pamoja na kitabu cha Antonio Roselli kuhusu mamlaka ya mfalme mkuu na ya Papa, ambacho kilikuwa kimechapwa Venice kwenyewe mwaka 1487. Viletwe, vichomwe.

Haya, mna vitabu viwili tu vya kuficha, na kimoja kilichapwa mjini kwa mzee. Havihitaji chumba. Vinahitaji rundo la karatasi za kitabu kingine, cha sala kwa mfano, na mafungu ya Roselli yamechomekwa katikati. Nani atapekua? Yule tu anayejua kusoma herufi za chini ya ukurasa. Mnaona jinsi fumbo la kwanza linavyorudi kufanya kazi.

Zimebaki tarehe, na hapa nitakuwa mkali, kwa sababu wachezaji wenye kujua watawashika. Msimpe mzee kitabu cha Aldus cha kutia mfukoni chenye herufi za mlazo. Mfululizo huo ulianza na Virgil mwaka 1501. Msiweke ile alama maarufu ya nanga na pomboo kama chapa ya Aldus. Alianza kuitumia hivyo karibu na 1502. Msimweke Erasmus, yule mwanazuoni wa Uholanzi, kwenye karakana, alifika kwa Aldus mwaka 1508. Karakana ya Aldus mwaka 1499 ilikuwa Sant'Agostin, ng'ambo ya Mfereji Mkuu ukitokea San Marco, kwa hiyo mchezaji akitumwa huko lazima apande mashua au apite daraja la Rialto, ambalo wakati huo lilikuwa la mbao. Lile la mawe mnaloliona kwenye picha za watalii lilikamilika karibu miaka mia moja baadaye. Mchoraji wenu nadhani ameshalichora la mawe. Poleni.

Lakini mwaka huo umewaachia zawadi. Desemba 1499 Aldus alimaliza kuchapa kitabu cha ajabu kuliko vyote alivyowahi kuchapa, Hypnerotomachia Poliphili, hadithi ya mtu anayemtafuta mpenzi wake ndotoni kati ya magofu, bustani na piramidi, yenye picha zaidi ya 160 za kuchongwa kwenye mbao, na lugha ambayo ni Kiitaliano kilichokorogwa na Kilatini na Kigiriki mpaka Mwitaliano wa leo anahitaji msaada. Jina la mtunzi halikuandikwa. Lakini kitabu kina sura 38, na ukichukua herufi ya kwanza ya kila sura unapata maneno ya Kilatini yasemayo kwamba Ndugu Francesco Colonna alimpenda mno Polia. Mtawa kamtangaza mpenzi wake kwa herufi za mwanzo wa sura! Hilo si fumbo la kubuni, limo kwenye karatasi, na mchezaji anaweza kulifumbua mwenyewe akipewa mafungu kwa mpangilio sahihi. Akikosea mpangilio, maneno hayaji.

Na nyuma yake kuna deni, kama ilivyo kwa kila kitu katika mji huu wa wakopaji. Aliyegharamia uchapaji ni Leonardo Grassi wa Verona, na gharama ilikuwa mamia ya dukati. Kitabu hakikuuzika. Mwaka 1509 Grassi aliiomba serikali ya Venice imwongezee muda wa haki ya kukiuza peke yake, kwa maelezo kwamba vita vilimzuia na nakala karibu zote bado anazo. Mzee wenu anaweza kuwa amechukua nakala kumi kwa ahadi ya kuziuza, nazo zimekaa pembeni zinakula nafasi. Kila mchezaji akiingia mzee amsukumie moja. Mchezaji akatae. Mpaka siku atakayojua kilichomo.

Kuhusu mzee mwenyewe, mnaweza kunipuuza hapa, ila ningempa duka mjane. Paola wa Messina, aliyekuwa mke wa yule Johannes wa Speyer wa kwanza kuchapa, alipofiwa aliolewa tena ndani ya biashara ileile, na mali za uchapaji zikafuata ndoa zake. Mwanamke wa aina hiyo anajua madeni ya waume wawili na wadai wao wote. Hana haja ya ndevu nyeupe ili aonekane ana siri. Kama mmeshalipa mwigizaji wa sauti ya mzee, basi mbakizeni mzee, lakini mweke dada yake au binti yake kwenye daftari, na mchezaji mjanja agundue kwamba wa kuulizwa ni huyo.

Msimfanye mwenye dharau kwa vitabu vya chapa pia. Hiyo ni sauti ya mtu mwingine, wa Florence, na naihisi kwenye mazungumzo mliyoniambatishia. Vespasiano da Bisticci, muuza vitabu mashuhuri kuliko wote wa Italia karne ile, hakuuza chapa. Aliuza vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono juu ya ngozi. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba Cosimo de' Medici, tajiri aliyeitawala Florence, alipotaka maktaba kwa ajili ya watawa wa Fiesole, yeye Vespasiano aliajiri wanakili 45 wakamaliza vitabu 200 kwa miezi 22. Na alipoisifu maktaba ya Federico, mtawala wa Urbino, aliandika kwamba kitabu cha chapa kingeona haya kukaa humo. Alifunga duka chapa zilipoenea, akahamia shambani, akafa 1498. Mkitaka mzee wa kulalamika kwamba dunia imeharibika, awe mgeni wa dukani, mtu aliyewahi kufanya kazi kwa Vespasiano akiwa kijana. Mwenye duka amsikilize kwa adabu huku anahesabu karatasi.

Mliniuliza kwa pembeni kama kuna njia ya kuingiza pwani yetu bila kulazimisha. Ipo, na ni nyembamba. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi Aprili 1498, na meli zake zilirudi Lisbon katikati ya 1499. Kwa hiyo habari za njia ya kwenda India kwa kuizunguka Afrika zilikuwa zinaingia Venice katika miezi ileile ya gemu yenu, kwa barua na kwa midomo ya wafanyabiashara, na zikawatia hofu walioishi kwa pilipili na tangawizi ya Alexandria. Kitabu bado hakipo. Mkusanyo wa kwanza uliozichapa safari hizo kwa Kiitaliano ulitoka Vicenza mwaka 1507, na mle ndani msomaji wa Italia alikutana na Malindi na Kilwa. Mwaka 1499 mzee hana cha kumwonyesha mchezaji ila barua iliyonakiliwa vibaya, majina ya miji yameharibika tahajia, na mteja mmoja wa viungo anayetaka kuinunua kwa bei yoyote ili asiisome mwingine. Kisiwani San Michele, karibu na Murano, palikuwa na ramani kubwa ya mtawa Fra Mauro, iliyochorwa karibu na 1450, inayoonyesha bahari ikiizunguka Afrika kusini. Mpelekeni mchezaji huko kwa mashua akalinganishe barua na ramani. Msiweke baharia wa Kimvita dukani Merceria. Najua mnatamani, lakini mkiweza kujizuia barua itafanya kazi kubwa zaidi.

Mkifika sehemu ya pili, kama pesa zitapatikana, nendeni mbele kidogo. Ama kwenye miaka ya 1537 na 1538, Paganino Paganini na mwanawe Alessandro walipochapa Kurani nzima kwa Kiarabu hapo Venice, wakitumaini kuiuza Mashariki. Herufi zilikuwa na makosa ambayo Mwislamu yeyote aliyesoma madrasa angeyaona kwenye ukurasa wa kwanza, biashara ikafa, na nakala zikapotea kiasi kwamba watu walidhani ni hadithi, mpaka moja ikapatikana mwaka 1987, kwenye maktaba ya watawa wa kisiwa kilekile cha San Michele. Ama mbaki na Aldus mwaka 1503. Wachapaji wa Lyon, Ufaransa, walikuwa wanaiga vitabu vyake vidogo, herufi zilezile za mlazo, bila jina la mchapaji. Aldus akakasirika, akachapa tangazo la kuwaonya wanunuzi: karatasi yao inanuka, herufi zao zina sura ya Kifaransa, na haya hapa makosa yao, kitabu kwa kitabu, mstari kwa mstari. Wale wa Lyon wakalipata tangazo, wakalisoma kwa makini, wakasahihisha makosa yote, wakaendelea kuuza.